Kava Port Vila na Fiji: kabla ya kifuu cha kwanza

SWALI (Brisbane)
Ndugu zangu, habari za leo. Mimi na mke wangu tunakwenda Port Vila, Vanuatu, kisha Suva, Fiji. Hatunywi pombe, na tunaambiwa huko jioni watu hukutana kwenye kava. Inanywewaje, na tunaweza kurudi nayo?

JIBU (Port Vila)
Karibuni sana kaka. Kava ni mzizi wa mmea wa jamii ya pilipili manga. Haichachushwi, si pombe. Wenyeji huitumia tangu enzi za mababu kwa usingizi, wasiwasi na mila zao. Panaponywewa huitwa nakamal: banda lenye mabenchi, hufunguliwa jua likielekea kuzama. Taa ya rangi ikiwaka nje, kava ipo.

Nendeni na njaa. Ukitaka kunywa saa kumi na mbili jioni, chakula cha mwisho kiwe saa saba au nane mchana. Mtu aliyeshiba haisikii mapema, anaongeza, halafu yote inampanda kwa mpigo na anatapika. Hili ndilo linalowaangusha wageni wengi.

Anza na kifuu kidogo. Sogea pembeni, kunywa chote mara moja, maana ni chungu na ina ladha ya udongo. Sukutua, tema, kisha kula kipande cha papai. Ulimi na midomo itakufa ganzi, usishtuke. Subiri nusu saa kabla ya cha pili, na hapo mwisho: kava ya hapa ni mbichi, imesagwa leo leo, ina nguvu kuliko unga mkavu.

Zungumza taratibu. Mtu akishanywa, mwanga na kelele humkera, kwa hiyo nakamal huachwa gizagiza. Usimmulike mtu na simu. Miguu hulegea akili ikiwa bado nzima, ndiyo maana watu hudhani wanaweza kuendesha gari. Pandeni basi dogo.

Msichanganye na pombe, dawa za usingizi wala panadol, kwa sababu ya ini. Mwenye ugonjwa wa ini, mjamzito na anayenyonyesha wasiiguse kabisa. Wanaokunywa nyingi kila siku ngozi hukauka na kutoka magamba. Wakiacha, hurudi sawa.

Shemeji atakaribishwa vizuri hapa mjini. Mkifika vijiji vya kisiwa cha Tanna, mila inawakataza wanawake kuwa kwenye nakamal wakati wa kunywa, kwa hiyo ulizeni mwenyeji kwanza.

JIBU (Suva)
Naongezea ya Fiji. Hapa huitwa yaqona, na mara nyingi ni unga mkavu unaokandwa kwenye bakuli la mbao. Mkialikwa kijijini, bebeni mizizi mikavu ya nusu kilo hivi mkabidhi kwa heshima. Vueni kofia, funikeni mabega. Bilo, yaani kikombe cha kifuu cha nazi, ikikufikia, piga kofi moja, sema "bula", kunywa yote, piga makofi matatu.

Kuitengeneza wenyewe: gramu 50 za unga kwa lita ya maji baridi au vuguvugu, ndani ya mfuko wa kitambaa, kanda na kukamua dakika 10 kama tui la nazi. Usitumie maji ya moto. Wanga huiva, inakuwa uji na kuziba kitambaa.

JIBU (Melbourne)
Kuhusu kurudi nayo: tangu Desemba 2019 Australia inamruhusu mtu mzima wa miaka 18 kwenda juu kuingia na kilo 4 kwenye mzigo wake mwenyewe, ikiwa ni mzizi au imekaushwa. Itajeni kwenye kadi ya abiria mnayojaza uwanja wa ndege. Eneo la Northern Territory, kaskazini mwa Australia, lina sheria zake, kali zaidi. Dukani ombeni aina ya "noble", ndiyo Vanuatu inayoruhusu kuuzwa nje. Aina nyingine, tudei, humlaza mtu siku mbili na kichefuchefu. Na ndugu wa London wakiwaomba, msiwatumie: Uingereza imepiga marufuku kuiingiza na kuiuza kama chakula tangu Januari 2003.