Shindano la shabaha Tabora: nani aguse bunduki wakati karatasi zinabadilishwa?

Mnyanyembe_TBR
Wakuu, habari za mchana. Tunaandaa shindano dogo la kulenga shabaha nje kidogo ya Tabora mjini. Kibali cha polisi kipo na kila mwenye silaha ana leseni yake. Kutakuwa na nafasi sita za .22 (bunduki za risasi ndogo) kwa mita 50 na nne za bunduki za upepo kwa mita 10. Shabaha ni za karatasi, hivyo kila baada ya risasi kumi watu watatembea kwenda kuzibadilisha. Hapo ndipo ubishi ulipo. Wapo wanaosema ukishafunga kitufe cha usalama inatosha, mtu abaki na bunduki yake mstarini. Wengine wanataka kila bunduki irudishwe kwenye begi, na hilo litatula nusu siku. La pili, nyuma ya shabaha kuna kichuguu kikubwa, na mjumbe mmoja anadai kinatosha kuzuia risasi. Mnasemaje?

Bangwe50m
Mkuu, kitufe cha usalama kiondoe kabisa kwenye mjadala. Kwenye .22 nyingi kinazuia triga tu, pini inayogonga risasi haikuzuiwa. Ikiwa vyuma vimelika, bunduki ikidondoka inaweza kufyatuka. Pia msimamizi aliye mita kumi hawezi kuona kama kimefungwa. Boliti, yaani chuma kinachofunga bunduki kwa nyuma, ikiwa wazi ataiona.

Mabegini si lazima. Kila raundi ikiisha fanyeni hivi, kwa mpangilio huu huu: magazini (kisanduku cha risasi) itoke kwanza, ndipo boliti ifunguliwe. Anayegeuza mpangilio kwenye nusu-otomatiki (inayojipakia yenyewe) anatoa risasi moja na kuingiza nyingine palepale, halafu anatoa magazini akidhani amemaliza. Hiyo ndiyo "bunduki tupu" inayoua watu. Kisha achungulie chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, aingize ncha ya kidole kidogo, aweke kibendera cha rangi kali ndani ya chemba, na bunduki ilale mezani au kwenye mkeka, mtutu ukielekea shabaha. Msimamizi apite nafasi moja moja akague kwa macho yake. Wote warudi nyuma ya mstari wa chokaa, mita tatu hivi, ndipo aseme "Nendeni mbele".

Kuanzia hapo hakuna kugusa bunduki, iwe kufuta vumbi au kumwonyesha mwenzako darubini. Hata kuinama juu ya meza wakataze.

Mzee wa Mstari
Naongezea kwa Bangwe50m: kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, hazina mzaha kwenye kibendera. Anayekataa kukitumia baada ya kuonywa anaondolewa mashindanoni. Anayefyatua kabla ya amri ya kupakia, au baada ya amri ya kuondoa risasi bundukini, naye anaweza kuondolewa. Someni adhabu hizi asubuhi kabla ya risasi ya kwanza, maana zikitajwa baada ya kosa mtaambiwa mnamwonea fulani.

Kuhusu kichuguu, hapana. Kiangazi kinakauka kama tofali, na risasi ya .22 ya madini ya risasi matupu ni hodari wa kuruka ikigonga kitu kigumu kwa pembe. Halafu ni chembamba. Anayekosa shabaha kwa upande anapiga hewa. Tabora ni tambarare, .22 inaweza kufika takriban kilomita moja na nusu, na huko porini kuna wachungaji, warina asali na watu wa baiskeli. Jengeni tuta la udongo laini uliochekechwa mawe, liwe pana kupita nafasi zote sita na juu zaidi ya shabaha. Bendera nyekundu ipande muda wote wa kufyatua, na muweke walinzi kwenye njia za miguu zinazopita nyuma.

Bangwe50m
Kweli. Huku Kigoma mtu huona mlima akafurahi, kumbe mteremko umejaa mawe. Ni tatizo lile lile.

Mnyanyembe_TBR
Nimewaelewa. Na risasi ikigoma je? Na hizi za upepo nazo zinahitaji kibendera?

Mzee wa Mstari
Ikigoma, mtutu ubaki kwenye shabaha, ahesabu sekunde 30 bila kufungua boliti, mkono mwingine juu kumwita msimamizi. Baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Hiyo risasi isirudishwe sandukuni. Iwe na kopo lake. Cha hatari zaidi ni mlio hafifu, "puf", na karatasi haina tundu. Hapo kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua. Asifyatue tena. Toeni boliti, pitisheni ufito wa kusafishia kuanzia nyuma.

Za upepo zinahitaji kibendera, tena kirefu: kipite mtutu mzima kitokeze pande zote mbili, kwa sababu kijirisasi cha milimita 4.5 hakionekani kikishaingia. Uzi wa plastiki wa mashine ya kufyekea nyasi, wa chungwa, unatosha. Mitungi ya hewa angalieni tarehe ya mwisho iliyogongwa juu yake.

Amri atoe mtu mmoja, na siku hiyo asishindane. "Pakia", "Anza", "Simama", "Toa risasi", basi. Lakini "Simama" aruhusiwe kuipiga yeyote aliyeona hatari, hata mtoto wa maji ya kunywa. Kwa kuwa wote wamevaa vikinga masikio, kila amri iende na filimbi.

Bangwe50m
La mwisho, wengi hulisahau: nusu-otomatiki hurusha maganda ya moto kulia. Likiingia kwenye kola ya jirani, atajikunyata na kugeuka na bunduki mkononi. Wekeni kipande cha plaiwudi kati ya nafasi. Na ndoo ya maji baridi na sabuni iwe karibu na mstari. Mikono yenye madini ya risasi isishike chapati.