Kesi ya mauaji Chake Chake: familia ianze na lipi, iepuke lipi?

MsaidiziSheria_Wete:
Assalaam alaykum. Naomba wenye kuzijua kesi za mauaji za huku Visiwani wanisaidie. Kijana wa miaka 19 yuko rumande. Ugomvi ulizuka usiku penye majamvi ya karafuu, kisa hesabu ya pishi. Marehemu alipigwa gongo moja la kichwa, akafariki hospitali siku ya pili yake. Shahidi mmoja anasema aliona kila kitu kwa taa ya sola. Polisi wanayo maelezo ambayo wanasema kijana kayatoa mwenyewe. Familia inasema mambo matatu kwa mdomo mmoja: hakuwepo, alikuwepo lakini alijihami, na wazee wende kwa wafiwa wakasuluhishe. Wakili bado. Kipi kifanywe kwanza?

KotiJeusi:
Waalaykum salaam. Naanza na hilo la tatu, maana ndilo linaloweza kuharibu mambo kabla wakili hajapatikana. Kesi ya mauaji si ya wafiwa, ni ya Serikali, na mwenye nayo ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Wafiwa wakisamehe mbele ya mskiti mzima, hati ya mashtaka inabaki pale pale. Kwenda kutoa mkono wa pole hakuna anayekatazwa. Lakini mkiingia na bahasha, na ndani ya nyumba ile yumo shahidi, mtaambiwa mmekwenda kumziba mdomo, na hilo litamwangukia kijana. Msamaha una wakati wake. Kosa likishuka likawa kuuwa bila ya kukusudia, jaji ana nafasi ya kupima adhabu na hapo msamaha unasikilizwa. Kuuwa kwa makusudi adhabu yake ni moja, kifo, hakuna pa kuipunguzia.

La pili: "hakuwepo" na "alijihami" hazipikiki chungu kimoja. Anayesema alijihami keshakubali kuwa alikuwepo na kwamba mkono uliopiga ni wake. Wakili akimuuliza shahidi wa kwanza kwa mkondo wa "hakuwepo", kisha kijana akapanda kizimbani akasema "alinianza yeye", jaji hatoamini lolote kati ya hayo mawili. Kwa hiyo kabla ya shahidi yeyote kusimama, wakili akae peke yake na kijana, si na mjomba, si na sheha (kiongozi wa mtaa), amsikilize mpaka mwisho. Familia haichagui utetezi. Utetezi unatokana na yaliyotokea.

Kwa ulivyoeleza, naona uzito wa kesi hii uko kwenye nia. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe, bila ya kuacha shaka ya maana, kwamba mtu kafa, kafa kwa kitendo kisicho halali, aliyekitenda ni huyu, na alikitenda kwa nia ovu. Hilo la nne ndilo linalotenganisha makosa mawili. Mahkama ya Rufaa katika kesi ya Enock Kipela ilitaja mambo saba ya kutazama: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mpigaji, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Yapitisheni hayo kwa gongo lenu. Pigo moja linasaidia, ila msilibebe kama hirizi, kwani pigo moja la kichwa kwa mti mzito limewahi kutosha kumtia mtu hatiani. Gongo alikuja nalo kutoka nyumbani au lilikuwa pale pale kwenye jamvi? Alisema nini? Alikimbia, au alisaidia kumpakia mgonjwa kwenye gari? Aliyesaidia kubeba mgonjwa anatafutwa leo, kabla kumbukumbu haijachuja.

Hasira ya ghafla kwa kuchokozwa nayo inaweza kulishusha kosa, kwa sharti kwamba hakupata muda wa kupoa. Akiwa aliondoka, akaenda nyumbani, akarudi na gongo, mlango huo umekaribia kufungwa. Kwa hiyo dakika zile kati ya tusi na pigo zihesabiwe vizuri.

BiUshahidi:
KotiJeusi kasema kweli, nami naongeza kwenye ushahidi wenyewe.

Taa ya sola kwanza. Kama utetezi ni "hakuwepo", shahidi apimwe kwa vipimo vya Waziri Amani, kesi ya 1980: alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa namna gani, alikuwa anamjua kabla au la. "Kulikuwa na taa" si jibu. Ilitundikwa wapi, ilimulika uso au mgongo, mkarafuu haukukinga? Jengine la kuuliza ni nani aliyetajiwa jina kwanza, na saa ngapi. Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita mahkama ilisema kumtaja mshukiwa mapema kunampa shahidi uzito. Aliyemtaja siku tatu baadaye, na hali kila siku anapita mbele ya nyumba ya sheha, ana la kueleza. Lakini kama utetezi ni kujihami, msipoteze pumzi kubishana kama alionekana. Hapo taa inapima kitu chengine: je, shahidi aliona mwanzo wa ugomvi, au aligeuka aliposikia kishindo?

Pili, ripoti ya uchunguzi wa maiti. Kwetu maziko hayangoji, na mara nyingi jamaa hawapendi maiti ipasuliwe, basi daktari hutazama nje tu. Sasa ripoti ikiandika "kavuja damu ndani ya kichwa" na kichwa hakikufunguliwa wala picha ya kichwa haikupigwa, daktari aulizwe alijuaje. Marehemu aliishi siku moja zaidi, kwa hiyo na faili la matibabu liombwe: alifika saa ngapi, alikuwa anasema, alipewa nini, PF3 (fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi kutibiwa) ilijazwa na nani. Msitegemee kwamba "aliuliwa na hospitali" ni utetezi mwepesi. Jeraha likiwa ndilo lililompeleka pale, kuchelewa kwa matibabu kwa kawaida hakumvui mpigaji. Faida ya faili ni kujua ukubwa wa jeraha, na huo unarudi kwenye nia.

Tatu, gongo. Nani aliliokota, alimkabidhi nani, liliwekwa alama gani, lililala wapi? Mlolongo wa makabidhiano ndio uliozungumzwa katika kesi ya Paulo Maduka. Gongo ni mti kama miti mengine ya shambani, likitoka mkononi mwa sheha bila ya maandishi, likapita kituoni, likafika mahkamani bila ya alama, ni halali kuuliza kama ndilo lenyewe.

MsaidiziSheria_Wete:
Ahsanteni sana. Na hayo maelezo ya polisi? Kijana anasema alitia saini kwa kuwa alipigwa. Na dhamana je?

KotiJeusi:
Dhamana kwa mauaji hakuna, msitoe pesa kwa mtu anayewaambia ipo.

Maelezo ndipo kesi nyingi zinapoponyoka. Kuna madai mawili tofauti. Moja ni "sikusema hayo kabisa, karatasi wameijaza wao". Jengine ni "nilisema, lakini kwa kulazimishwa". Hilo la pili ndilo linalomlazimu jaji kusimamisha kesi kubwa na kusikiliza kesi ndani ya kesi, upande wa mashtaka uthibitishe kwamba maelezo yalitolewa kwa hiari. Wakili asimame kupinga *pale pale* polisi anapoomba karatasi ipokewe. Ikishapokewa kimya kimya, kisha kijana akaja kulalamika kwenye utetezi, ataambiwa ni mawazo ya baadaye. Vilevile, polisi akieleza jambo zito na wakili asimuulize chochote juu yake, huhesabika limekubaliwa.

Kwa hiyo andikeni sasa: alikamatwa saa ngapi, alihojiwa saa ngapi, alionana na nani, alitibiwa wapi. Kama ana makovu, aombe daktari kwenye Chuo cha Mafunzo, yaani gereza la huku, na yaandikwe. Kovu lisiloandikwa, mwaka ukipita, ni kovu la utotoni. Na hata maelezo yakipokewa, yakiwa yamekanwa, jaji kwa kawaida hutafuta ushahidi mwengine wa kuyaunga mkono. Hiyo ni kanuni ya tangu kesi ya Tuwamoi, 1967.

Yakhe_Mkanyageni:
Mie ningesema ashike "hakuwepo" tu, yakhe. Mzigo si wake, waachiwe wathibitishe.

BiUshahidi:
Mzigo si wake, kweli. Lakini dai la kuwa kwengine lina utaratibu. Taarifa itolewe mapema na kwa maandishi, itaje mahali na watu aliokuwa nao, ili upande wa pili uweze kwenda kuuliza. Likizuka siku ya utetezi linakuwa jepesi kama pamba. Na likiwa la uongo, kaka, hao waliokaa naye barazani usiku ule ndio watakaolivunja.

WakiliUnguja:
Machache. Wakili awe na ruhusa ya kusimama Mahkama Kuu ya Zanzibar. Vakili wa mahkama za chini hatoshi, na wa Bara ambaye hakusajiliwa huku naye hatoshi. Asiye na uwezo aombe kupitia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018, na aseme hivyo mbele ya Mrajis wa mahkama siku ya mwanzo kabisa.

Muangalie pia vifungu. Kosa hapa liko chini ya Sheria ya Adhabu Na. 6 ya 2018, mwenendo uko chini ya Na. 7 ya mwaka huo huo, na ushahidi chini ya Na. 9 ya 2016. Namba za vifungu mnazoziona kwenye hukumu za Bara si zetu, ingawa misingi ya Mahkama ya Rufaa inatufunga sote.

Umri: leteni cheti cha kuzaliwa chenyewe. Tarehe ikionesha hakuwa ametimiza 18 siku ya tukio, kesi nzima inabadilika. Kama kuna historia ya maradhi ya akili, isemwe sasa ili jaji aagize apimwe hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, na karatasi za zamani za kliniki zisitupwe.

Akitiwa hatiani, taarifa ya kukata rufaa ni ndani ya siku 30. Majaji wa rufaa husoma kilichoandikwa tu, kwa hiyo kila pingamizi lisemwe kwa sauti, na wakili ahakikishe jaji kaliandika.

MsaidiziSheria_Wete:
Nimeelewa. Kesho naenda kuonana na mwenye shamba juu ya ile taa.

KotiJeusi:
Nenda usiku, saa ile ile, na uulize kabla hujapima chochote kama betri au taa imebadilishwa tangu siku hiyo. Usimguse shahidi, usimsemeshe. Hatua zihesabiwe na mtu atakayeweza kuja kutoa ushahidi, maana wewe ukihesabu, wewe ndiye shahidi.