Naomba ushauri: "cry wolf" inageuka kilio cha mbwa mwitu

Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha Kiingereza Kidato cha Pili huku Rungwe, na misemo iliyotoka kwenye hekaya za Aesop, msimulizi wa kale wa Ugiriki, inanikwamisha kwenye maana fiche.

"Sour grapes" (kukiponda kitu kwa sababu umekikosa) haina shida. Ukianza na sungura wa "sizitaki mbichi hizi" wanaelewa palepale, hata kama zabibu zenyewe huku ni za kununua sokoni. Kazi iko kwenye "cry wolf". Neno "cry" wanalijua kama kulia machozi, basi wanaandika "mbwa mwitu analia", kumbe ni kupiga yowe la uongo kwamba mbwa mwitu kaja. "Lion's share" (fungu la simba) ndiyo mbaya zaidi: kwenye hekaya simba anabeba nyama yote, lakini matumizi ya leo ni fungu kubwa kuliko mengine. Aliyesoma hekaya kwa makini ndiye anayekosa!

Nimejaribu jedwali la safu mbili, maana ya wazi na maana fiche. Wanakariri vizuri, ila ukibadilisha sentensi tu wamepotea.

Je, nitangulize sentensi za kawaida, mfano kugawana mapato ya parachichi, ndipo hekaya ifuate? Na kwenye "lion's share", anayejibu "yote" mnamsahihishaje?