Nimestaafu na nataka kusafiri peke yangu, watoto hawataki. Nishaurini

Mwalimu Mstaafu, Nakuru
Hamjambo wenzangu. Nilistaafu ualimu nilipotimiza miaka 60, na mume wangu alifariki kitambo. Nataka kwenda Kisumu, halafu nipitie msitu wa Kakamega. Miaka yote nilipeleka wanafunzi Ziwa Nakuru, wao wakitazama heroe mimi nahesabu vichwa. Sasa nataka kutazama mimi.

Kifungua mimba wangu aliuliza, "Unaenda kwa nani?" Nikamjibu siendi kwa mtu. Akasema watu watatuonaje. Binti yangu naye alitaka kujua nani atabaki na mtoto, maana mjukuu hushinda kwangu Jumatatu hadi Ijumaa. Baba yao alikuwa akienda Kericho na marafiki zake, na hakuna aliyemuuliza swali hilo. Pesa ninayo, ya pensheni. Nifanyeje bila kugombana na wanangu?

Nyar Kisumu
Karibu kwetu, mwalimu. Mimi nina miaka 27 na yangu ni tofauti. Nikikaa peke yangu kwenye mkahawa pale Dunga, ufukweni mwa ziwa, mhudumu ananiuliza namngoja nani. Mwanamume wa meza ya pili analeta soda sijaiomba, kisha anaona nina deni lake. Mamangu akikaa hapo hapo anavutiwa kiti, anaitwa "mama", anaachwa ale ngege wake kwa amani. Kwa hilo umri utakukinga. Chumba usichukue kwa kubahatisha: piga simu, uliza kama kuna mlinzi usiku na kama kuna ngazi. Boti panda asubuhi kabla upepo haujachafua ziwa, na bila jaketi la kuokolea usiondoke.

Baba Tedi
Mama, mwanao ana hofu ya kweli. Ukiugua njiani je? Heri uende na kikundi cha kanisa.

Mama Watatu, Kakamega
Baba Tedi, baba yako akisafiri ulimuuliza akiugua je? Nakuuliza kwa heshima, maana jambo hili linaniuma. Nina miaka 41. Desemba tukienda ushago, yaani kijijini, wanaume wanakaa chini ya mwembe, mimi niko jikoni mpaka tunaondoka, na hiyo ndiyo inaitwa likizo. Mahali ninapopata kupumua ni chama. Tunachanga, tunakodi matatu, tulishafika hata kwenye miamba ya Kit Mikayi, karibu na Kisumu. Mume hakatai kwa sababu tunasema ni mkutano. Yaani lazima tuseme ni kazi! Mwalimu, wewe usifiche. Waambie unaenda kutembea.

Huku kwetu ingia upande wa Isecheno, utapata waongozaji ambao ni wenyeji. Mwambie mapema hali ya magoti yako. Kuna njia tambarare, na kilima cha Lirhanda si lazima. Tembea polepole ukiangalia juu: mbega anaonekana kwanza kwa mkia, mweupe, unaning'inia kwenye majani. Kenya hii, msitu wa mvua wa aina ya ule wa Kongo umebaki hapa tu. Beba koti la mvua, alasiri hunyesha.

Shosho wa Molo
Mimi nimepita 70. Hapo ugumu ni mjukuu, hayo ya watu watatuonaje ni maneno tu. Ukistaafu wanadhani muda wako umekuwa wa kila mtu. Mpe binti tarehe, atafute wa kukaa na mtoto. Usiombe ruhusa, toa taarifa. Kijana naye mwachie jina la hoteli na umpigie kila jioni, hilo ni haki yake.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru
Asanteni sana. Baba Tedi, nimekuelewa, ila na kikundi nitarudi kuhesabu vichwa. Nimempigia binti, nikampa tarehe. Amenuna, lakini ameshaanza kuulizia jirani. Nyar Kisumu, nikipanda matatu ya kupitia Kericho nikae upande gani nione vizuri mashamba ya chai?