Wakuu, madirishani niweke blaindi au mapazia? Nyumba imeisha, sasa tunagombana

Mgeni_wa_Nyumba

Habari zenu wakuu.

Tumehamia wiki ya tatu sasa na madirisha bado yamefunikwa kwa mashuka. Aliyetuchorea nyumba alifanya kazi safi: kuta nyeupe, sakafu ya kijivu, mistari imenyooka, na madirisha makubwa ambayo ndiyo uzuri wenyewe. Hapo ndipo tulipokwama. Mimi nataka blaindi za kuviringisha nyumba nzima, rangi moja, nimalize. Mke wangu anasema tutakuwa tunaishi kwenye ofisi ya bima. Yeye anataka mapazia mazito mpaka chini. Nami nikifikiria mapazia naona ukumbi wa harusi.

Dirisha la sebuleni lina upana wa sm 180, sakafu hadi dari ni sm 265, linatazama magharibi. La chumbani linatazama mashariki. La jikoni liko juu ya sinki, la bafuni dogo tu. Tuna mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye kila kinachoning'inia ni chake.

Nipeni uzoefu. Natanguliza shukrani.

SitiYaMbele

Ofisi ya bima 😂😂 Shemeji usimwache huyo. Naweka kambi hapa, nami madirisha yangu yako uchi tangu tuhamie.

fundi_sindano

Mleta uzi, mimi nakula kwa kushona mapazia, kwa hiyo nitavutia kwangu, wewe chuja.

Huo ukumbi wa harusi unaouona unaletwa na kitambaa kinachong'aa, marembo ya juu yanayopindwapindwa kama skafu, na bomba lililofungwa palepale juu ya fremu. Ondoa hayo. Pazia la kitani au pamba nzito, rangi iliyo jirani na ya ukuta, wala hutalisikia.

Bomba lipandishe karibu na dari, tuseme sm 255, na lipe urefu wa sm 230. Hizo sm 25 za kila upande ni za pazia kupumzikia ukutani likifunguliwa. Mtu amelipia kioo kikubwa halafu anakiziba robo nzima mchana kutwa kwa sababu bomba ni fupi. Naliona hili kila wiki, na naumia.

Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya bomba, usipungue. Ukibana hapo, pazia likifungwa litakuwa shuka lililoanikwa. Kwako ni sm 460 kabla ya pindo. Sasa angalia jora. La sm 140 litakudai vipande vinne vya kushuka, kila kimoja sm 278 ukihesabu pindo la juu na la chini: mita 11 na ushee, na kiungo katikati ya kila pazia kinachochomoza kila jua likipiga. Jora la sm 280 unaligeuza ubavu, upana wake unakuwa kimo cha pazia, na mita 5 zinakutosha bila kiungo hata kimoja. Ila hapo umebakiza sm 2 tu, na pamba au kitani lazima ukitie maji kabla ya kukata, kwa maana hunywea. Kikinywea, punguza pindo la chini. Kuna mtu alinikatalia kuloweka, ana haraka. Alipofua mara ya kwanza, mapazia yakapanda kama suruali ya mwanafunzi aliyerefuka likizo.

Jua_la_Saa_Kumi

Fundi kaongea, lakini mbona hajauliza dirisha linatazama wapi? Magharibi! Jua la jioni liko chini, linaingia moja kwa moja hadi kwenye kochi. Pazia zito la rangi iliyokoza litakupa giza, sawa, lakini joto limeshavuka kioo. Pazia linalinyonya kisha linakurudishia humohumo chumbani. Kama kuna namna, likamate jua likiwa bado nje: mti, kibaraza, kitambaa cha kivuli kilichofungwa upande wa nje. Ukishindwa, basi bitana nyeupe itazame kioo, irudishe mwanga kabla haujawa joto.

Bitana hiyohiyo ndiyo inayookoa kitambaa. Nilikuwa na mapazia ya hariri upande huo, bila bitana. Miaka michache tu, ukigusa mkunjo unachanika kama gazeti la zamani.

Na ukitaka blaindi ya kitambaa chenye matundu, uliza asilimia ya uwazi, yaani sehemu ya kitambaa iliyo matundu: 1, 3, 5 au 10. Kadiri namba inavyopanda ndivyo jua linavyopita. Rangi iliyokoza inakuachia kuona nje vizuri. Nyeupe inarudisha jua zaidi ila inang'aa machoni. Hapo kwako nisingevuka 3.

BintiDaftari

Naongezea kwa machungu. Tuliweka hizo za matundu sebuleni. Mchana raha tupu, unamwona mpita njia yeye hakuoni. Usiku ukiwasha taa, mambo yanageuka. Mwezi mzima nilikuwa sijui, hadi nilipotoka kufuata simu garini nikamwona mume wangu, waziwazi kabisa, anajikuna mgongo kwa rula. Majirani hawakuwahi kusema neno. Waungwana sana.

Chumba cha mashariki nacho: blaindi ya kuviringisha ikikaa ndani ya fremu, kitambaa huwa chembamba kuliko mabano yake, kwa hiyo pembeni inabaki mipasuo ya sm 1 au 2. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi hiyo mipasuo ni tochi ya usoni. Ifunge nje ya fremu, ipite kila upande, au weka pazia juu yake.

Halafu aliyetupimia alipima sehemu moja tu, juu. Kumbe chini ukuta umebana milimita 6. Ikifika katikati inakwaruza na kugoma. Pima juu, kati na chini, chukua namba ndogo.

Jikoni na bafuni msipoteze muda: blaindi za vibao vya alumini. Mbao inapinda kwa mvuke.

MamaPacha

Nimesoma nikisubiri mtu amtaje mtoto. Kamba! Blaindi yenye kitanzi cha kamba au mnyororo wa shanga kwenye nyumba yenye mtoto wa mwaka na nusu, hapana. Watoto wamekufa hivyo, kimya kimya, mzazi yuko chumba cha pili. Marekani kiwango cha 2018 kilitaka blaindi zinazouzwa zikiwa tayari dukani zisiwe na kamba, au ziwe na kamba fupi au asiyoweza kuifikia mtoto. Agiza ya springi, unaivuta kwa mkono. Na kitanda chake kikae mbali na dirisha, hata hilo pazia la fundi atalipanda.

Mgeni_wa_Nyumba

Wakuu nimerudi. Jumamosi nimeshinda sebuleni na shuka jeupe dirishani. Mpaka saa tisa sikuhitaji kitu. Saa kumi na nusu mtoto alikuwa anatambaa akifuata kivuli cha kiti. Usiku tukatoka nje mimi na mama watoto kujitazama. BintiDaftari hukutania.

Tumekubaliana hivi: sebuleni blaindi ya springi ya asilimia 3 ndani ya fremu kwa ajili ya jioni, mapazia ya kitani yenye bitana nyeupe kwa ajili ya usiku. Chumbani mapazia mazito, bomba lipite fremu. Jikoni na bafuni alumini, nayo isiyo na kamba. Rangi bado. Mimi nasema kijivu, mwenzangu anasema kijivu tayari anakikanyaga.

Swali la mwisho kwa fundi: nimepima sakafu, kushoto imeshuka sm 1. Nikate pazia kwa upande upi?

fundi_sindano

Usikate! Funga bomba kwanza, ndipo upime kutoka bombani kushoto, kati na kulia. Upande mfupi ndio wa kufuata, uache sm 1 lisiburuze. Kushoto litaning'inia juu kidogo zaidi, na hakuna mgeni atakayepiga magoti kuangalia.

Kuhusu rangi, namuunga mkono shemeji.