Klabu yetu ya baiskeli Tororo: baiskeli ziko sebuleni kwa mwenyekiti, kitabu cha hesabu hakipo. Tufanyeje?

KatibuTororo (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau. Naomba ushauri, na tafadhali tusitaje jina la mtu wala la klabu, sikuja hapa kumchafua yeyote.

Mimi ni katibu wa klabu ya baiskeli hapa Tororo. Tulianza watu saba, tunaamka saa kumi na moja alfajiri tupande barabara ya Mbale kabla malori ya saruji hayajaijaza. Mwenyekiti wetu ndiye mwanzilishi, na bila yeye klabu isingekuwepo. Tyubu za kwanza alizinunua kwa hela yake. Mtu akianguka, ndiye aliyekuwa akimbeba mpaka hospitali. Namheshimu kama kaka yangu mkubwa, na ndiyo maana jambo hili linaninyima usingizi.

Baada ya mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, vijana walimiminika. Walikuwa wameshamwona Charles Kagimu akiipandia Uganda Olimpiki ya Paris 2024, sasa wakaona dunia nzima imekuja hapa jirani. Leo tuko 46. Kila mmoja anatoa shilingi 10,000 kwa mwezi, zinaingia kwenye simu ya mwenyekiti. Mgeni mmoja alituachia baiskeli sita za mashindano, nazo zinalala sebuleni kwa mwenyekiti, anazipanda anayempenda yeye. Katiba hatuna. Tuna daftari la shule lenye majina, basi.

Kilichonileta hapa ni hiki. Tulialikwa mbio, nafasi tatu. Jumamosi tukapimana kilomita 20, kila mtu peke yake, saa nimeishika mimi. Kuna kijana anayeuza maziwa, anapanda ile baiskeli nzito ya chuma, amefungua kariya ili apunguze uzito. Akamaliza wa pili. Mpwa wa mwenyekiti, akiwa juu ya mojawapo ya zile sita, akamaliza wa tano. Majina yaliposomwa, mpwa yumo, muuza maziwa hayumo. Kijana hakusema neno. Aliinamisha baiskeli pale pale kando ya barabara, akairudisha kariya kwa waya, akaenda zake kupeleka maziwa.

Sasa klabu imegawanyika. Wengine wanataka tuhame tuanzishe yetu. Wengine wanataka tushtaki kwa shirikisho. Mimi niko katikati. Ninyi mngefanyaje?

BodaWaMalaba

Hameni. Mtu akishaweka mali ya watu sebuleni kwake, harudishi.

FundiSpoki_Mbale

Ndugu yangu BodaWaMalaba, wakihama wanahama na nini? Baiskeli zinabaki kule kule sebuleni.

Katibu, mimi ni fundi, nianzie kwenye kitu cha kushika. Pindua baiskeli, tazama chini pale mhimili wa pedali unapopita. Kuna namba imegongwa kwenye chuma. Zingine huwa zimejaa grisi na vumbi, chukua kitambaa chenye mafuta ya taa usugue mpaka isomeke. Andika namba ya kila moja, rangi, ukubwa wa fremu, na hali yake siku hiyo: gia ngapi zinaingia, rimu imepinda au haijapinda, breki zimebaki kiasi gani. Piga picha mbele ya watu wawili. Usifanye kwa siri. Mwambie mwenyekiti, "Kaka, tunataka kuorodhesha mali ya klabu, tusaidie." Akikubali, umeshapata rejista. Akikataa, umeshajua uko wapi.

Halafu mtafuteni yule mgeni. Aandike sentensi moja tu: baiskeli hizi sita niliwapa klabu, sikumpa mtu. Nimeona ugomvi mwingi kwenye kibanda changu, na karibu wote ungezimwa na sentensi kama hiyo ingeandikwa siku ya kwanza, wakati watu bado wanacheka na kupiga picha.

WakiliMdogo_Kla

Fundi amesema kweli, niongeze upande wa sheria.

Klabu isiyosajiliwa haiwezi kumiliki kitu kwa jina lake. Mali inakuwa mikononi mwa watu, na mwenye funguo ndiye mwenye nguvu. Kwa klabu ya ukubwa wenu kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kujisajili kama kikundi cha kijamii kupitia afisa maendeleo ya jamii. Ni rahisi na gharama yake si kubwa. Ya pili ni kampuni isiyo na hisa, ile ambayo wanachama wanaweka dhamana tu na hakuna anayegawana faida; hiyo inasajiliwa URSB, ofisi ya serikali inayosajili makampuni. Kwa sasa anzeni na ya kwanza. Na mwoneni afisa michezo wa wilaya mapema, kwa sababu mambo ya michezo sasa yanaendeshwa na Sheria ya Michezo ya Taifa ya 2023 iliyofuta ile ya 1964, na anayetaka kutambuliwa lazima awe na karatasi zake sawa.

Kuhusu kushtaki kwa shirikisho: elewa ngazi zilivyo. UCI, shirikisho la dunia lenye makao Aigle, Uswisi, linatambua shirikisho moja tu kwa kila nchi. Leseni ya mbio unaipata kupitia hilo la nchi yako. Shirikisho lina haki ya kuuliza klabu inaendeshwaje, lakini haliwezi kuwaandikia katiba wala kuwahesabia michango. Mkienda kule bila katiba, bila rejista, bila muhtasari wa kikao hata kimoja, ni neno lenu dhidi ya neno la mwanzilishi. Na yeye ndiye anayejulikana kule, si ninyi.

Katiba isiwe ndefu. Ila kuna mambo msiyaache yaelee: kipindi cha uongozi kina mwisho lini, akidi ya mkutano ni watu wangapi, fedha zinakaa kwenye akaunti ya klabu yenye watia saini watatu na wawili lazima wasaini, na klabu ikivunjika mali inakwenda wapi. Hilo la mwisho kila mtu analiruka, eti ni kujitabiria mabaya. Liandikeni.

Mama_Pedali_Soroti

Nimesoma mpaka chini nikisubiri neno moja sijaliona. Kwenye hao 46, wasichana wangapi? Na kwenye zile sita, msichana amewahi kupanda hata moja?

Jambo lingine, ndugu katibu. Klabu ikipokea vijana wa shule inapokea watoto wa watu. Je, wazazi wamesaini? Nani anajua namba ya simu ya mzazi saa kumi na mbili asubuhi mtoto akiwa amelala kando ya barabara? Nimewahi kusimama pale. Tulikuwa watu wazima wanane na hakuna hata mmoja aliyejua jina la pili la mtoto.

Na helmeti. Wapo wanaosema ni za wazungu wenye hela. Hata UCI ilizikwepa kwa miaka, mpaka Andrei Kivilev alipoanguka kwenye mbio za Paris–Nice Machi 2003 akafa kwa majeraha ya kichwa. Mwaka huo huo zikawa lazima. Ninyi msingoje wa kwenu. Kabla ya jezi mpya, kabla ya safari ya mbio, michango inunue helmeti. Na mtoto akionekana ameshika lori mkono mmoja ili avutwe mlimani, asimamishwe mwezi mzima, hata akiwa mpwa wa nani.

KatibuTororo

Mama, wasichana ni watano. Hakuna aliyewahi kupanda zile sita. Sikuwahi hata kuliuliza mpaka leo, na nimeona vibaya kweli. Fomu za wazazi hatuna.

MzeeWaGia_Kisumu

Vijana, mimi nilikimbia mbio nikiwa mwembamba, sasa nasimama na bendera tu. Kuhusu kuhama, niwape kisa cha mbali.

Uingereza mwaka 1890 chama chao cha baiskeli kilikataza mbio za kundi kwenye barabara za umma, kwa kuogopa polisi na malalamiko ya watu. Miaka ikapita, Ulaya bara wanakimbia barabarani, wao wanapimana saa alfajiri mmoja mmoja. Mwaka 1942, vita imepamba moto, mwanamume mmoja aitwaye Percy Stallard akaandaa mbio kutoka Llangollen hadi Wolverhampton. Polisi hawakumzuia. Chama chake mwenyewe ndicho kilichomfungia, yeye na walioshiriki. Basi wakaunda chama kingine. Vyama viwili vikavutana mpaka 1959 vilipoungana. Hesabu wenyewe: miaka 17. Mchezaji aliyekuwa na umri wa miaka 18 siku ya Llangollen alikuwa na 35 siku ya kuungana.

Stallard alikuwa na haki, na mbio za barabarani zilibaki. Siwaambii msihame kamwe. Nawaambia gharama ya kuhama haimgusi mwenyekiti, inamgusa yule muuza maziwa, kwa sababu miguu yake haingoji. Kwanza itisheni mkutano mkuu. Mkishindwa mkutanoni kwa hila, hapo ondokeni mchana kweupe.

Na kuchagua wachezaji ndiyo kazi rahisi kuliko zote mnazozijadili hapa. Tarehe ya majaribio ibandikwe wiki mbili kabla. Barabara ile ile, upepo ule ule, na polisi wa trafiki wajulishwe. Washika saa wawili, wote wasiwe na ndugu kwenye orodha. Muda unasomwa kwa sauti na kuandikwa palepale. Kama kocha anataka nafasi moja ya kuchagua kwa jicho lake, sawa, lakini aandike sababu na aisaini. Umri nao uhesabuni kwa mwaka wa kuzaliwa kama UCI inavyofanya: junia ni anayetimiza 17 au 18 mwaka huo. Hilo litawaondolea ubishi wa "nimezaliwa Desemba".

BodaWaMalaba

Mzee nimekuelewa. Lakini hiyo baiskeli ya chuma dhidi ya baiskeli ya mashindano, saa itasema ukweli gani? Huyo kijana akipewa mojawapo ya sita si anakuwa wa kwanza?

MzeeWaGia_Kisumu

Swali zuri, nami nililipita. Siku ya majaribio baiskeli za klabu zitolewe kwa kura, au wote wapokezane zile zile kadiri ukubwa wa fremu unavyoruhusu. Mali ya klabu isimpe mtu sekunde za bure.

MwanaZiwa_Mwanza

Wakuu, mnamsahau mwanzilishi mwenyewe. Mtu ametoa miaka yake, leo mnamwendea na rejista na wakili. Mimi ningemfanya mlezi wa klabu. Akae mbele siku ya mbio, akabidhi zawadi, ashauri, lakini asishike hela. Wengi wanang'ang'ania uenyekiti kwa sababu hawaoni pa kukaa wakishatoka.

Mama_Pedali_Soroti

Kaka wa Mwanza, wazo lako lina utu, nami naliunga mkono kwa sharti moja. Akabidhi kwanza. Ulezi usigeuke kuwa bei ya kununua ukimya kuhusu michango ya miezi yote hiyo. Aeleze ziliko, hata kama zilikwenda kwenye tyubu na hospitali, zikaandikwe hivyo.

KatibuTororo

Wadau, asanteni. Nimerudi na habari.

Nilimwendea mwenyewe Jumatano jioni, peke yangu, kama mdogo kwa mkubwa wake. Sikuanza na hela. Nilimwomba tuziorodheshe baiskeli. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kumbe hata yeye haendi kulala vizuri, kila simu ikiingia anadhani ni mtu anadai. Akanitolea bahasha ya risiti, zingine zimefifia hazisomeki. Si zote, lakini zipo.

Jumapili tulikutana chini ya mwembe, watu 38. Tulizipindua baiskeli moja moja, msichana mmoja akawa anasugua kwa kitambaa, mwingine anasoma namba kwa sauti, mimi naandika. Zilikuwa nne, mojawapo rimu imepinda. Ya tano iko kwa mpwa, ataileta. Moja iliuzwa. Mwenyekiti alisema hivyo mbele ya wote, kwamba aliiuza kulipia hospitali ya mwenzetu aliyevunjika bega mwaka jana. Yule wa bega alikuwepo, akasimama akakubali kwamba bili ililipwa, ila hakujua ilitoka wapi. Watu walikasirika, wengine walilia. Tumekubaliana liandikwe kama lilivyo, na yule mgeni ataandikiwa barua aambiwe ukweli.

Kamati ya katiba ni watu watano, wawili wasichana. Uenyekiti utapigiwa kura mkutano ujao. Suala la ulezi tumeliahirisha mpaka hesabu ziishe. Majaribio mapya ni baada ya wiki mbili, baiskeli kwa kura, na muuza maziwa jina lake limo.

Swali lililobaki: mweka hazina awe mtu anayeshindana, au asiyeshindana? Tunaye dada anayeendesha duka la rejareja, hapandi baiskeli kabisa, lakini mdogo wake ni mchezaji wetu.

FundiSpoki_Mbale

Mpeni huyo dada. Anayefunga duka kila jioni anajua kuhesabu asichokiona. Ila siku mdogo wake anapopimwa, saa ashike mtu mwingine. Na hiyo rimu iliyopinda niletee Mbale, sitawatoza ya kazi, leteni spoki tu.

KatibuTororo

Nitaileta Ijumaa. Ni fremu ya bluu, namba yake sasa ninayo.