Miaka saba ya ada ya maabara, na Km yangu ya kwanza niliandikiwa ubaoni

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimesita kwa miezi kadhaa kuufungua uzi huu, kwa sababu cheti changu cha uzamili bado hakijatoka na wenye kukitoa ndio hao hao ninaowalalamikia. Chuo sitakitaja. Waliosoma pale watakitambua kabla hawajafika aya ya tatu, na waliosoma kwingine hapa Uganda huenda wakadhani ninakisema chao. Jambo lenyewe ni hili: tangu muhula wa kwanza wa shahada ya kwanza nimelipa ada ya maabara, ambayo kwenye risiti ina mstari wake peke yake, mbali na karo, mbali na ada ya mitihani, mbali na ya kitambulisho, na kwa muda wote huo nimefundishwa baiokemia ya chaki.

Mwaka wa pili tulifika kwenye mwendo wa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mimenyuko ya kikemia mwilini. Kila aliyesoma somo hili anawajua Michaelis na Menten, waliochapisha kazi yao mwaka 1913 baada ya kupima mjini Berlin jinsi kimeng'enya kiitwacho inavetasi kinavyovunja sukari ya miwa. Inavetasi hupatikana kwenye hamira. Hamira na sukari zinauzwa katika duka lolote la mtaani, kwa hiyo tuliingia maabara siku ile tukiwa na hamu, makoti yamepigwa pasi, madaftari mapya mkononi. Fundi wa maabara akatuambia kwamba taa ya spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaopita kwenye kimiminika, imeungua tangu muhula uliopita na ombi la kununua nyingine liko ofisini. Mhadhiri hakushtuka hata kidogo. Aligeukia ubao, akachora jedwali la safu mbili, upande mmoja ukolezi wa sukari na upande wa pili kasi ya mmenyuko, akatuamuru tunakili, tuchore grafu na kukokotoa Km, yaani ukolezi wa sukari ambao kimeng'enya hufikia nusu ya kasi yake ya juu kabisa. Tulikuwa wanafunzi 84, na sote tulipata Km ileile hadi desimali ya pili, isipokuwa mwenzetu mmoja ambaye rula yake iliteleza. Yeye alikatwa alama, na pembeni mwa ripoti yake ikaandikwa kwa wino mwekundu kuwa amefanya kosa la kimajaribio. Mtu ambaye hakugusa hata mrija mmoja!

Najua jibu litakalokuja, kwa maana nimeshalisikia mara nyingi: nchi ni maskini, vifaa ni ghali, wanafunzi ni wengi. Nakubali kwamba mashine ni ghali. Nisichokubali ni kwamba umaskini ndio ulioandika lile jedwali ubaoni. Mate ya mwanafunzi yana kimeng'enya cha amilasi cha kutosha kuvunja wanga wa uji, na tone la ayodini litakuonyesha, dakika baada ya dakika, rangi ya buluu ikififia hadi kupotea. Ini la ng'ombe la kutoka buchani, ukilikata na kulimwagia haidrojeni peroksaidi, litatoa povu mbele ya macho yako kwa nguvu ya kimeng'enya chake, katalasi. Tena tuna muhogo. Bibi yangu kule Teso hajawahi kulisikia neno kimeng'enya, lakini anajua kwamba muhogo mchungu hauliwi hivi hivi, na hurundika vipande vilivyomenywa, akavifunika mpaka viote ukungu, ndipo avikwangue, avianike na kuvisaga. Ndani ya muhogo kuna linamarini, kemikali inayobeba sumu ya sianidi, na kuna kimeng'enya chake, linamarasi, ambavyo mmea umevitenga katika sehemu mbalimbali. Ukiuponda au ukiuchachusha vinakutana, sianidi inaachiliwa na sehemu kubwa yake inapotea hewani. Ukining'iniza karatasi yenye pikrati, kemikali ya kugundua sianidi, juu ya muhogo uliopondwa ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, rangi yake ya njano inageuka kuwa nyekundu ya udongo. Hilo lingekuwa somo zima la wiki mbili kwa gharama ndogo sana, kuhusu chakula ambacho nusu ya darasa letu tulikulia. Sisi tuliandikiwa linamarini kama nukta ya nne katika orodha ya glukosidi, yaani kemikali zilizoungana na sukari, tukaikariri, tukaenda kula mihogo kantini.

Linaloniuma zaidi, hata hivyo, ni la selimundu. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu uenezi wa chembe ya selimundu hapa Uganda, na kati ya Wabaamba wa Bundibugyo waliwakuta watu wapatao 45 katika kila 100 wakiwa wabebaji wa chembe hiyo. Mwaka huo huo, kule California, Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ya mgonjwa wa selimundu husafiri tofauti na ya mtu mzima wa afya inapowekwa kwenye mkondo wa umeme, na hapo ndipo ugonjwa ulipoitwa kwa mara ya kwanza ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye Ingram akaonyesha kuwa tofauti yote ni asidi amino moja tu, valini mahali pa asidi ya glutamiki. Niambieni, kuna mahali gani duniani ambapo somo hili lingestahili kufundishwa kwa mikono kuliko hapa? Darasani mwetu alikuwamo msichana ambaye ndugu zake wawili wana ugonjwa huo. Elektroforesi, yaani njia hiyo ya kutenganisha protini kwa umeme, tulifundishwa kwa mchoro: mstatili, alama ya kujumlisha upande mmoja, ya kutoa upande mwingine, na vijistari vitatu katikati. Yule msichana aliuliza kama tutapata kuiona ikifanyika. Akajibiwa kwamba haimo kwenye mtihani.

Kuhusu mitihani sitasema mengi. Tulisomea vivuli vya noti zilizochapwa kwa taipureta, ambamo glukosi moja inatoa ATP 38 (ATP ndiyo molekuli inayobeba nishati ya seli), hesabu ya zamani iliyodhani kwamba kila NADH inalipa ATP tatu kamili na kila FADH2 mbili, hizo zikiwa molekuli zinazobeba elektroni kutoka kwenye chakula. Vitabu vya sasa vinahesabu 2.5 na 1.5, na jumla inatoka 30 au 32. Niliandika 32, nikaonyesha hesabu yangu hatua kwa hatua, nikapata sifuri. Nilipokwenda ofisini kwa adabu zote, mhadhiri hakubisha kwamba vitabu vimebadilika; alisema mwongozo wa kusahihishia haujabadilika.

Nikapata shahada, nikaomba uzamili, nikalipa ada ya maabara iliyokuwa kubwa zaidi ya ile ya awali. Kwa kuwa chuoni hapakuwa na vifaa vya utafiti wangu, nilipelekwa taasisi nyingine, na huko nililipishwa tena kwa ajili ya meza ya kufanyia kazi. Ile ya chuo haikupunguzwa hata shilingi moja. Siku ya kwanza nilipewa kazi ya kitoto, kuandaa mirija ya albumini, protini ya kulinganishia, ili kupima protini kwa njia ya Bradford, ile ya mwaka 1976, ambapo rangi ya kahawia huelekea buluu kadiri protini inavyozidi nawe ukaisoma katika nanomita 595. Nilihitaji mikrolita 100. Nikachukua pipeti kubwa, kifaa cha kuvutia vimiminika kwa kipimo, nikaizungusha mpaka dirishani pakasomeka moja, sifuri, sifuri, nikaendelea. Mirija yote ikageuka buluu iliyoiva, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Binti mmoja aliyekuwa pale kwa mafunzo ya stashahada, mdogo kwangu kwa miaka mitano hivi, alisogea akaitazama pipeti na kusema kwa upole, "Kaka, hiyo si mia, hiyo ni elfu." Kwenye pipeti kubwa tarakimu zile zinasomwa 1000, kwenye ile ndogo, tarakimu zile zile zinasomwa 10. Mimi nilikuwa na shahada ya baiokemia ya daraja la pili la juu, na sikuwa najua kusoma pipeti. Alinioshea mirija, tukaanza upya, na mpaka leo sijui kama aliwahi kumsimulia mtu.

Mengine ya uzamili yanafahamika: umeme kukatika usiku wa Jumamosi na friza kuyeyuka na sampuli za miezi minne ndani yake, kwa sababu jenereta ilikuwapo ila dizeli haikuwapo, kemikali kutoka ng'ambo kufika Entebbe na kukaa hadi barafu kavu ikaisha, na tukazitumia hivyo hivyo, msimamizi kukaa na sura ya tatu ya tasnifu kwa miezi saba kisha kuirudisha akiwa amesahihisha nukta na mikato. Kwa hayo naweza kumsamehe mtu, kwa kuwa hata yeye mshahara wake huchelewa na wanafunzi wa uzamili alionao ni wengi kupita uwezo wake. Kwa lile jedwali la ubaoni siwezi, maana lilihitaji tu mhadhiri atume mtu dukani akanunue hamira.

Mwezi uliopita, nikiwa najaza fomu za kumalizia masomo, niligundua kwamba nimetozwa ada ya maabara hata kwa mihula miwili ambayo nilikuwa ninaandika tu na sikukanyaga maabara yoyote. Nilikwenda kwa mhasibu na risiti zangu. Alinituma idarani, idara ikanituma kitivoni, na kitivo kikanirudisha kwa mhasibu, ambaye safari hii aliniambia mfumo hauruhusu kuufuta mstari huo na kwamba nisipoulipa sitaingia kwenye orodha ya mahafali. Nimelipa. Risiti zote za miaka saba ninazo ndani ya bahasha moja. Iwapo yupo humu aliyewahi kudai ada hiyo chuoni kwake na akarudishiwa, naomba aniambie barua alimwandikia nani, na kama aliiandika kabla ya kupokea cheti au baada yake.